Nani Atamtazamia Mama Koni

Skolastika mwanangu,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kusema mimi mzima, sijui wewe uliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Uko hapo kanisani, wanakwaya wenzako wanakuaga, na upepo ukigeuka naisikia sauti yako ikichelewa nyuma ya wenzio kama kawaida yako. Mimi nimekaa mlangoni kwa kuwa jua bado lipo na hapa ndipo ninapoona vizuri. Naandika herufi kubwa za darasa la kwanza, mistari miwili kwa neno moja, na daftari la baba yako la kahawa litakwisha leo. Usinicheke. Ukishindwa kujizuia, chekea Songea nisikusikie.

Mambo ya sweta, ya kutokula mayai ya stendi, ya kuweka pesa mahali pawili, hayo nimemwachia baba yako. Amekuwa akiyafanyia mazoezi wiki nzima huko shambani, mpaka mikahawa yote imekwisha kujua habari za mayai ya stendi. Atakuambia kesho asubuhi, na atarudia mpaka dereva apige honi. Mvumilie. Ndivyo anavyolia.

Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile ulilolisema kwenye kikao cha sengu. Tulikuwa wote kwa babu yako, kila nyumba imeleta chungu chake, tumekula kwanza kama inavyotakiwa, maneno yakasubiri. Halafu baba yako mkubwa akanawa, akakugeukia.

"Haya, mama. Chuo kimekuita. Bwana Mhina kakusemea, nauli ipo. Unasemaje?"

Ukamjibu kwa adabu, lakini hukuzunguka. "Mimi siendi, baba. Nikienda, nani atamtazamia mama koni?"

Shangazi yako akaanza kukusanya sahani zilizokuwa bado na chakula. Mimi nilinyamaza, na ukadhani nimekasirika. Mwanangu, nilifurahi. Furaha ilinijaa kifuani. Nilijiona mama mwenye bahati kuliko wote wa ukoo huu, ambaye binti yake anakataa chuo kwa ajili yake. Ilinichukua njia nzima ya kurudi nyumbani, wewe ukinishika mkono kwenye kila jiwe, kuona kwamba ile furaha ilikuwa mbaya. Ningeweza kukuweka hapa maisha yako yote kwa kutosema kitu.

Umefunga begi kwa sababu baba yako amekuomba ulifunge. Nimesikia unavyolifunga. Mtu anayetaka kusafiri hafungi begi kwa kununa namna ile. Ninajua mpango wako ni kufika stendi kesho, kulia kidogo, na kurudi na begi kichwani. Ndiyo maana nakuandikia, kwa kuwa tukisema kwa mdomo tutalia wote wawili na basi litaondoka tupu.

Ngoja nianzie mbali.

Nilipoletwa huku milimani kuolewa, nikitoka Mbaha ziwani, nilikuwa sijui kulima ngoro. Wifi zangu walikuwa wanachimba mashimo yao kwenye mteremko kwa mstari, yamepangika vizuri, na mimi langu moja lilikuwa limeinama huku na lingine limejaa kama kaburi. Walinicheka sana. Nilichokijua ni udongo wa kufinyanga tu, maana nilizaliwa na mfinyanzi. Kwa hiyo Bruda alipotafuta wanawake wa kukanda udongo kwenye tanuri la vigae la misheni, nilikimbia kutoka kwenye ngoro nikaenda kwake. Baba yako alisema, "Afadhali, mahindi yetu yatapona."

Hapo ndipo nilipoziona koni kwa mara ya kwanza. Zilikuja kutoka Ulaya zimelala ndani ya pumba za mbao kama mayai, vipande vidogo vya udongo vyenye ncha, virefu kama kidole cha shahada, kila kimoja kimegongwa namba yake ubavuni. Nilidhani ni vitu vya kuchezea watoto. Bruda akatueleza kwamba moto ule ukishakuwa mweupe, hakuna kipimajoto cha kioo kinachoweza kuingia mle kikatoka. Kinachoweza kuingia ni udongo wenyewe. Kwa hiyo kule kwao wamechanganya udongo wa kila aina, kila namba na mchanganyiko wake, na kila mmoja unajua joto lake la kulainika. Joto likifika, koni inainama. Unachotakiwa kufanya ni kuchungulia kwenye tundu na kuona nani ameinama.

Tulizipanga tatu tatu. Wewe umekulia kwenye majina hayo hata huyashangai, lakini ni sisi wakandaji tulioyatunga, na Bruda alicheka mpaka akakaa chini. Ya kwanza ni Katekista, ambaye huinama mapema kuwaambia watu wajiandae. Ya pili ni Padre. Padre akiinama ibada imekwisha, acha kutia kuni. Ya tatu ni Askofu. Huyo hainamishwi. Ukichungulia ukakuta Askofu ameinama, ujue umeunguza.

Bruda alinichagua mimi kuchungulia. Si kwa akili, usije ukawaambia watu huko chuoni kwamba mama yako alikuwa na akili za ajabu. Wenzangu waliogopa ule mwanga. Mle ndani kila kitu kina rangi moja, tanuri na vigae na koni, vyote ni moto mtupu, na inabidi upulize kidogo kwenye tundu ndipo uone kivuli cha koni kwa kufumba na kufumbua. Mimi nilikuwa na pumzi na nilikuwa na kiburi. Bruda alinipa kioo cheusi cha wachomeleaji, akasema, "Mama, bila kioo usitazame. Kila siku, mama. Kila siku." Nilimwitikia. Akigeuka nakiweka mfukoni, kwa sababu kwa kioo sikuiona koni haraka, na nilipenda kuwa wa kwanza kupaza sauti, "Katekista huyoo!" Wanaume wote na kuni zao wanasimama kunisikiliza mimi mwanamke. Hicho kioo nilikitumia sawasawa siku moja tu, siku jua lilipopatwa, tena nikawakodisha na majirani.

Sasa unajua mbona nilikuwa mkali vile wewe ulipoanza. Uliwahi kulalamika kwa baba yako kwamba nimekufunga kile kioo usoni kwa kamba ya viatu. Nilikufunga, na kamba ikikatika nilikuwa nayo nyingine.

Bruda alipozeeka akarudi kwao, akatuachia tanuri wenyewe, mimi na mzee Otmari wa kuni na wenzetu. Ikaja na ile miaka ya ruksa. Wewe ulikuwa unaanza shule. Vitu ambavyo tulikuwa tunaviota, sabuni, kanga, betri, vikajaa dukani kwa ghafla, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupita na magari yao hadi Mkumbi huko, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Tulifurahi. Halafu yakaja mabati. Kila aliyeuza kahawa alitaka bati, liwake juani watu wa mlima wa pili walione. Nani atataka kigae? Vigae vyetu vilikaa uani vikaota majani. Kuku wakataga humo.

Ndipo akatokea Bwana Mhina. Unamjua kama mtu mzima wa kanzu ya Ijumaa anayekuletea vitabu, lakini wakati ule alikuwa kijana mwembamba wa Tanga, amepangwa kuangalia mitambo ya kukaushia kahawa, na baridi ya Mbinga ilikuwa karibu imuue. Alikuja kwetu amevaa makoti mawili. Matofali ya ndani ya tanuri lao la kukaushia yalikuwa yamekwisha kuliwa na moto, na mapya kutoka nje yalikuwa hayashikiki kwa bei. "Mama, mnaweza kunifyatulia tofali la kuhimili moto? Lakini lazima lichomwe kwa joto kubwa kuliko vigae. Likichomwa nusu nusu litapasuka wiki ya kwanza."

Nikasema tunaweza. Nilisema kabla mzee Otmari hajafungua mdomo. Tulikuwa na udongo mweupe wa kule bondeni, tukauchanganya na mwekundu wetu wa vigae ili ushikamane. Kuni za miti ya milingoti zilikuwepo. Tatizo lilikuwa koni. Za vigae zilibaki chache, na za joto kubwa zaidi hatukuwa na mpya hata moja.

Hapo sasa nikajiona mjanja. Unakumbuka sisi ni watu tuliopita miaka ya kukosa kila kitu. Tulianika betri juani zipate nguvu. Bahasha iliyokuja na barua tuliigeuza nje ndani ikaenda na barua. Mtu wa miaka ile hatupi kitu, na mimi nilikuwa sijawahi kumtupa hata Askofu mmoja. Kila tulipofungua tanuri, Katekista na Padre walikuwa wameinama wamekwisha kazi, lakini Askofu alikuwa bado amesimama wima, mzima, na namba yake inasomeka. Nilikuwa namfuta majivu namtia kwenye kopo la maziwa. Kopo lilijaa. Bruda alipenda kumweka Askofu mbali kidogo kwa namba, kwa hiyo namba ya Askofu wa vigae ilikuwa ndiyo namba hasa ambayo Bwana Mhina aliihitaji kwa matofali.

"Tumshushe cheo," nikamwambia mzee Otmari. "Askofu leo atakuwa Padre."

Mzee Otmari alikuna kichwa. "Mama Skola, huyu alishapita motoni. Huoni ni kama kupeleka shahidi aliyekwisha kuhojiwa?"

"Si amesimama? Namba si hiyo?"

"Haya. Wewe ndiye mwenye macho."

Tulichoma. Nikachungulia, Askofu amesimama. Ongeza kuni. Amesimama. Mzee Otmari akasema anasikia tanuri linanguruma kwa sauti asiyoijua. Nikamwambia aongeze. Nilikuwa naamini ile namba kuliko masikio ya mtu aliyelisha moto ule tangu ujana wake. Askofu hakuinama hata kidogo, na tulipokuja kufungua, tabaka zote za chini za matofali zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, kitu kimoja cheusi kinachong'aa, na juu yake Askofu wangu kasimama wima kama Dominika ya Pasaka.

Baadaye Bwana Mhina alinieleza. Koni ikishapita motoni mara moja, hata kama haijainama, ndani yake imekwisha badilika. Inaonekana ileile, namba ileile, lakini haiwezi tena kusema kweli. Moto wa pili haiusikii kama ulivyo.

Hilo dude tulilitoa kwa mitaimbo, wanaume wote, wakalivingirisha mpaka chini ya ule mti wa parachichi. Ndilo benchi lako, mwanangu. Ndilo ulilokaa kusomea tangu darasa la tatu mpaka ulipomaliza sekondari. Watu wanaliita jiwe la Mama Skola, na kila mgeni huelezwa asili yake hata kabla hajapewa kiti. Zamani nilikuwa naumia. Siku moja nikatoka nikakukuta umelilalia kifudifudi na kitabu cha fizikia, miguu juu, unakula muwa, nikasema moyoni, basi, tofali zangu zimepata kazi. Tangu siku ile sijaona aibu nalo.

Bwana Mhina hakutukimbia. Alituagizia koni mpya, tukachoma tena, na matofali yale mengine bado yako ndani ya tanuri lao mpaka leo. Lakini neno lake la koni iliyopita motoni limenikaa. Nimelitumia kwa mambo mengi, na kwako nililisahau. Nilipoletwa huku milimani nilikuwa nalia kila jioni natafuta ziwa kwa macho. Kwa hiyo kila ulipotaja kuondoka, nilikupima kwa kilio changu. Nilisema huyu ataumia, hataweza, afadhali abaki. Nilikuwa nakuwekea koni yangu ya zamani, wakati wewe una moto wako.

Tuje kwenye macho. Ukungu ulipoanza nilidhani ni moshi. Halafu nikaanza kumwamkia mzee Otmari nikidhani ni padre, naye akaitika bila kunisahihisha, mzee mwenye tamaa yule. Muuguzi akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba moto umechangia. Daktari wa macho huja hospitali ya misheni, na nimekwisha kuandikishwa, nitakwenda kahawa ikishavunwa. Labda atanitoa huo ukungu, labda atapunguza tu. Sina hofu nalo kama unavyodhani. Nyuso zenu ninazijua.

Lakini koni sikuiona tena. Na hapo ukaingia wewe, umemaliza shule, unasubiri kuitwa. Misimu miwili umesimama pale tunduni na kioo chako na kamba yako ya viatu, unapuliza, unapaza sauti: "Mama, Katekista huyoo!" Kwa sauti yangu kabisa. Nilikuwa nageuka pembeni ili mzee Otmari asinione usoni.

Kumbuka sasa mara mbili za mwisho tulizochoma matofali. Uliniuliza ninavua nini kwenye lile tundu la chini kwa kulabu ya chuma. Nikakuambia nimechoma viazi. Uliniuliza pia vile vipete vya udongo mweupe vinavyokauka dirishani ni vya nini, nikakuambia ni vya mapazia. Ukaniambia, "Mama, hatuna mapazia." Nikakuambia tutanunua. Kwa mtu aliyesoma fizikia, mwanangu, unadanganyika kirahisi.

Bruda aliwahi kusema, tukiwa tunakunywa chai, kwamba yako matanuri kule kwao yanayotumia pete badala ya koni. Pete ya udongo huwekwa motoni pamoja na vyombo, ikivutwa nje inapimwa imesinyaa kiasi gani. Moto ukizidi, pete inazidi kuwa ndogo. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Lakini ule usiku wa sengu, wewe ukiwa umeshanivusha mawe yote, nilimkumbuka bibi yako wa Mbaha na kifuniko.

Hadithi ya kifuniko hukuisikia kwangu, ingawa nadhani yeye mwenyewe amekuambia juzi. Nilikuwa mdogo. Mama alikuwa na chungu kikubwa cha maji kisicho na kifuniko, na mimi nikataka kumfurahisha. Nikafinyanga kifuniko, nikakipima juu ya mdomo wa chungu palepale, kikakaa sawasawa, wala hakichezi. Nikakichoma na vyombo vyake. Kilipotoka nikakiweka juu ya chungu mbele ya wageni wake, kikatumbukia ndani na maji yakawarukia. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia, "Udongo ukipita motoni hupungua, binti yangu. Kila kitu kikipita motoni hupungua, isipokuwa mdomo wako."

Kwa hiyo nilifinyanga pete, zote kwa kipimo kimoja, nikizikata kwenye mrija mmoja wa mwanzi. Baba yako akanichongea kijiti cha mti mgumu, huku chembamba na huku kinene. Pete mbichi inateleza mpaka kwenye unene. Pete iliyoiva inakwama mapema. Hilo halihitaji macho, ni vidole tu, na vidole vyangu ni vya mtoto wa mfinyanzi.

Lakini kijiti hakijui kitu mpaka kifundishwe. Nilihitaji kujua pete inakwama wapi joto likiwa sahihi. Ndiyo maana nilikuwa nasubiri sauti yako. Ulipopaza, "Mama, Padre ameinama!" palepale nikavuta pete kwa kulabu, nikaiacha ipoe kwenye mchanga mkavu, nikaivisha kijiti, na ilipokwama nikakata alama kwa kisu. Mara ya pili nikafanya vilevile. Pete ikakwama kwenye alama ileile. Nilipapasa mara nyingi, sikuamini.

Sasa uelewe kwa nini nilikufukuza Mbaha ukamuage bibi. Ni kweli alitaka kukuona, na wale samaki, mbasa wakavu, aliotuletea kwa mkono wako nimewaonja, ni watamu. Lakini nilitaka uondoke hapa nichome bila wewe. Matofali ya Bwana Mhina, mzigo mzima, si majaribio. Mzee Otmari akatua kuni chini. "Mama Skola, na lile jiwe la pili tutalivingirisha wapi? Chini ya parachichi pamejaa." Nikamwambia safari hii nitasikiliza na masikio yake. Tukachoma, yeye anasikiliza mngurumo, mimi navuta pete. Ya kwanza ikateleza ikapita alama. Ya pili ikakaribia. Moto uliposhika nguvu, moyo ulikuwa unanidunda kama siku ya ndoa. Nikavuta nyingine, nikangoja ipoe, na huko kungoja ndiko kulikoniua. Nikaivisha. Ikakwama kwenye alama.

"Acha kuni," nikasema.

"Una hakika?"

"Tanuri linasemaje?"

Akatega sikio. "Linasema kama zamani."

Uliporudi jana ukakuta tanuri lina joto, ukauliza, na mzee Otmari akakuambia tulikuwa tunalikausha. Nawe hujui kwamba yule ni mwongo. Leo mchana, ulipokwenda mtoni kufua, tulifungua. Akachukua tofali la kwanza, akaligonga kwa jingine, likalia kama kengele ndogo ya altareni. La pili likalia. Bwana Mhina alikuwepo na makoti yake. Alipapasa, akapima, akasema, "Mama, haya nayachukua yote." Halafu akauliza nani aliyetazama koni na wewe hukuwepo. Nikampa kijiti. Alikigeuza geuza muda mrefu.

Aliniambia huko unakokwenda kusomea matanuri hutaona koni nyingi. Wana nyaya mbili nyembamba zilizounganishwa ncha, wanaziingiza motoni, na joto linajisoma kwenye saa ukutani. Nikasikitika, nikadhani basi udongo umeshindwa. Akacheka, akanionyesha kipande cha bomba jeupe, jembamba, gumu ajabu. Nyaya peke yake zingeliwa, akasema. Zinavishwa hilo bomba, na hilo bomba ni udongo ulioteuliwa na kuchomwa kwa joto ambalo tanuri letu halijawahi kuota. Nilikipapasa kipande kile sana. Kwa hiyo huendi mbali kama ulivyodhani. Unakwenda kwa udongo, kwa wakubwa wake tu.

Sasa swali lako la sengu, mwanangu. Nani atamtazamia mama koni? Nimelijibu kwa matofali yote yale yaliyopangwa uani, na utayaona asubuhi ukitoka, kwa kuwa nimemwambia mzee Otmari ayaweke njiani usipate pa kupita. Ile alama kwenye kijiti niliikata kwa jicho lako. Uliona wewe, mimi nikaweka. Jicho hilo linabaki hapa na mimi, na yale mawili mengine nenda nayo. Yanahitaji kuona vitu vingine.

Kwenye begi lako, ndani ya soksi ya kushoto, kuna pete. Ndiyo iliyokwama kwenye alama. Mbichi ilikuwa inaingia kidole gumba changu. Jaribu sasa.

Kwaya imenyamaza, nadhani mnakunywa chai, na utarudi karibuni ukinuka maandazi. Barua hii nitaitia kwenye begi na sitakuambia kitu. Utaiona basi likishapita Mbinga mjini, wakati huwezi tena kushuka. Hapana. Nimebadili mawazo, hiyo ni hila, na hila zangu za mwezi huu zimetosha. Nitakupa mkononi leo hii, uisome hapa mlangoni mimi nikiwepo, ukitaka kulia tulie mapema, asubuhi tuwe na macho makavu. Uamue mwenyewe.

Ukiamua kupanda, nina neno moja la sweta, na baba yako asijue kwamba nimeingilia eneo lake. Vaa lile jekundu, na kaa dirishani upande wetu. Si kwa ajili ya baridi. Rangi ile bado naiona, na nataka basi likiondoka nione kwamba umo.

Mama yako